Fundi Aliyepaka Breki Nyekundu

Wivu wa wake wenza naujua. Niliolewa mke wa pili, nikaishi na mwenzangu boma moja miaka mingi, tukagombania kuni, tukagombania maji, tukagombania hata mwanamume ambaye hakustahili kelele zote zile. Nilipomzika mwenzangu nikasema sasa yamekwisha, nimezeeka, nitakula ugali wangu kwa amani. Sikujua kwamba nikiwa na mvi kichwa kizima nitakuja kumwonea wivu fundi wa magari, mwanamume mzima mwenye grisi mpaka viwikoni.

Nieleze kwanza nyumba yangu ilivyo, maana bila hivyo mtu hataelewa kwa nini roho iliniuma.

Mimi nilizaa wasichana watano na wote wameolewa. Mvulana sikupata. Kwetu Ukuryani mwanamke wa namna hiyo hakai akiangalia nyumba yake inakufa. Nilitoa ng'ombe wangu nikaoa. Wapo wanaocheka wakisikia mwanamke ameoa mwanamke, wacheke, ni desturi yetu na ina heshima yake, tunaiita nyumba ntobhu. Nilikwenda mwenyewe na wazee upande wa Serengeti, huko Mbalibali, nikamleta msichana hapa kwangu Gorong'a. Akawa mkamwana wangu, mke wa mwana ambaye sikumzaa. Watoto atakaowapata ni wa nyumba yangu, wanazaliwa wakiwa wajukuu zangu. Mwanamume anayesaidia kuwaleta duniani hana boma hapa, hana ng'ombe hapa, hana neno. Akimaliza kusaidia anakwenda zake. Ndivyo tulivyopatana mbele ya wazee, na hakuna aliyelazimishwa.

Mjukuu wangu wa kiume akazaliwa. Nilimbeba mgongoni mimi kuliko mama yake. Nilimfundisha kukamua. Alipoumwa surua nilikaa naye chini sakafuni siku saba. Baba hakuwa naye na hakumhitaji, alikuwa na mimi, na mimi nilikuwa na sauti ya kutosha kwa baba na babu wote wawili. Aliyesaidia alikuwa kijana mmoja wa Mugumu, Mwislamu, aliyekuwa anatengeneza mashine ya kusaga hapa kwetu. Mashine ilipopona akaondoka, mimba ikiwa changa. Sikumlaumu, alifanya alivyotakiwa.

Miaka ikaenda. Mjukuu akawa kijana mkubwa, akataka gari la kubebea abiria kutoka huku kwenda mjini. Mafahali wawili wa nyumba yangu waliuzwa kwa ajili ya gari hilo, nami nilikubali kwa moyo mweupe. Gari dogo, jeupe, la zamani, lakini injini inalia vizuri. Lililala karibu na zizi, na asubuhi nikitoka kukamua naligonga bati kidogo nikipita, kama ninavyomgonga ng'ombe.

Sasa likaharibika taa, akalipeleka mjini, mtaa wa Bomani, na fundi aliyelitengeneza akawa yule yule wa mashine ya kusaga.

Nani alimwambia nani, sikuwepo. Mkamwana wangu anasema hakusema yeye. Nadhani walitazamana tu, maana mtu akiwatazama wale wawili hahitaji kuambiwa. Wote wanatumia mkono wa kushoto. Wote wakifikiri wanauma mdomo wa chini. Mjukuu wangu alirudi siku hiyo, akala, kisha akasema, "Bibi, nimemwona."

"Umemwona nani?"

"Unajua."

"Ng'ombe wangapi alileta hapa?" nikamuuliza.

Akacheka. "Sijasema ameleta ng'ombe. Nimesema nimemwona."

Tangu hapo kila Jumapili ikawa Bomani. Zamani Jumapili tukitoka kanisani alikaa na mimi, tunakula, ananisimulia abiria wake, nani alipanda na mbuzi, nani alikataa kufunga mkanda. Sasa narudi na mwavuli wangu peke yangu. Nikimuuliza alikuwa wapi anasema gereji. Wiki nzima yuko na gari, na Jumapili yuko na gari. Nilijua gari halikuwa gonjwa kiasi hicho.

Nikaanza kupiga hesabu za kijinga. Kijana akikolea kule, atahamisha gari lilale kule. Gari likilala kule, na yeye atalala kule. Akioa, mke ataletwa kule, na watoto wa nyumba yangu watazaliwa kwenye uwanja wa gereji, wataitwa kwa jina la mwanamume aliyepita hapa kutengeneza mashine. Hicho ndicho kilichoninyima usingizi. Mnaosoma msinione mchoyo, hiyo nyumba niliijenga kwa ng'ombe wangu.

Basi siku moja mjukuu alivuka mpaka wa Sirari kwa binamu zake wa Kenya, akarudi na ugonjwa mpya. Ameona huko gari ambalo breki zake ni nyekundu.

"Breki nyekundu ni zipi?" nikamuuliza.

Akanipeleka kwenye gari, akainama, akanionyesha kwa kidole katikati ya matundu ya rimu. Ndani kuna sahani ya chuma inayozunguka na tairi, na juu yake kuna chuma kingine kimeishika kama mtu anayebana kipande cha muwa kwa meno. Hicho kinachobana wanakiita kalipa. Kilikuwa na kutu na matope.

"Hicho watu wanakipaka rangi, Bibi. Nyekundu. Gari likipita unaiona inamulika pale ndani."

"Nani anainama kutazama huko?"

"Wanaojua wanatazama."

"Na abiria wa Gorong'a wanajua?"

"Watajua."

Nikamwambia kama ni lazima apake nyeusi, haionyeshi uchafu. Akasema ameshaongea na fundi, fundi amesema nyekundu itapendeza. Hapo ndipo nilipoanza kuichukia nyekundu. Kisha akaongeza, kama mtu anayetaja jambo dogo, kwamba fundi atakuja kuipaka hapa hapa nyumbani, Jumamosi, kwa sababu kule gereji vumbi la barabarani litashika kwenye rangi mbichi.

Nilitaka kukataa. Lakini boma lina adabu zake, mgeni aliyealikwa na mjukuu wako humfukuzi mlangoni. Nikasema aje.

Alikuja na pikipiki, amepakia jeki na sanduku la spana. Amenenepa kidogo, ndevu zimeingia mvi. Akashuka, akavua kofia, akainama akiwa bado mbali.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umeikumbuka njia."

"Njia siyo ndefu, mama."

"Ilikuwa ndefu miaka yote hii."

Akaanza kushusha jeki. Ningependa ajibu vibaya nipate sababu. Mkamwana wangu akatoka jikoni amevaa kitenge cha harusi za watu, kile ambacho mimi namwomba akivae kanisani anasema kinambana. Akamsalimia fundi vizuri tu, kwa heshima, akarudi ndani. Baada ya muda mfupi nikasikia kuku analia nyuma ya nyumba. Kuku wangu yule, sikuulizwa.

Nikachukua kigoda changu nikakiweka chini ya kivuli cha ghala, mahali ambapo naona kila kitu. Mahindi ya kupukuchua nilikuwa nayo mapajani ili asiseme mtu nimekaa kuwachunga.

Waliinua gari kwa jeki upande mmoja, wakaweka gogo chini, wakainua upande wa pili, gogo lingine. Wakafungua nati, wakatoa matairi yote. Fundi akaeleza kwamba kalipa ziko mbele tu, nyuma ni ngoma, breki zilizofungiwa ndani ya chuma cha duara, na ngoma nazo zitapakwa ili zisione wivu. Alisema hivyo hivyo, zisione wivu, wakacheka wote wawili. Nikapukuchua mahindi kwa nguvu.

Wakaanza kusugua kwa brashi ya waya. Vumbi la kutu linaruka, wote wamechuchumaa, migongo imepinda namna moja, mkono wa kushoto unakwenda namna moja. Kijana akisugua vibaya fundi hamkemei, anamshika mkono na kumwonyesha, "Fuata kona, usiiache kona, kutu inajificha kwenye kona." Mjukuu wangu ambaye mimi nikimwambia funga geti ananijibu nimesikia, nimesikia, siku hiyo alikuwa anasema "Sawa, mzee" kila baada ya pumzi mbili. Na alicheka kicheko ambacho sikukijua. Nimemlea mtoto tangu siku ya kwanza, nikadhani navijua vicheko vyake vyote.

Nikaona niseme kitu. Nikasema kwa sauti, "Rangi msiipake nzito. Mkono wa kwanza uwe mwepesi, ukauke, ndipo mpake wa pili. Mkijaza mara moja itapasuka."

Hilo nalijua bila kufundishwa na fundi. Nimepaka kuta za nyumba maisha yangu yote, udongo mweupe, udongo mwekundu, majivu na samadi, na kuta zangu watu walikuwa wanapita kuzitazama.

Fundi akageuka. "Umemsikia bibi yako? Hiyo ndiyo kazi yenyewe. Mikono mitatu, myepesi, kila mmoja ukauke. Mama anajua."

Mngedhani nilifurahi. Nilikasirika zaidi. Nilitaka abishe.

Walipomaliza kusugua wakaosha vile vyuma kwa petroli na kitambaa safi mpaka vikawa vyeupe kama kucha. Fundi akasema viachwe petroli ikauke kabisa, asiviguse mtu, kisha watafunika sahani na mipira kwa magazeti na utepe wa karatasi wenye gundi ndipo wapake. Jua lilikuwa utosini. Akaomba maji ya kunawa, na mahali pasafi pa kusali. Mjukuu wangu, ambaye kanisani namvuta kwa sikio, akachukua ndoo akampeleka mwenyewe nyuma ya zizi penye nyasi, akasimama mbali akimngojea, ameshika ndoo tupu kwa mikono miwili.

Nikabaki mimi na gari.

Mama yangu mzazi alikuwa hatoi jembe jipya kwenda shamba bila kulipaka samli. Anapaka kidogo, kwa kidole, huku akilitajia mambo mema. Mundu hivyo hivyo. Mimi nimefanya hivyo kwa vitu vyote vilivyoingia kwenye nyumba yangu, hata redio. Gari lilipofika nililipaka kwenye usukani. Sasa nilikaa pale nikafikiri, leo hivi vyuma vimezaliwa upya, na mkono uliovishika ni wa mtu mwingine, wangu haumo. Kesho gari likienda vizuri watasema fundi.

Nikaingia ndani nikachukua kibuyu cha samli. Nikachuchumaa kwa shida, magoti siyo yale, nikapaka chuma cha kwanza, juu na pembeni, nikaingiza kidole ndani kabisa, pale kinapobanana na sahani, kwa sababu niliona hapo ndipo roho ya kazi yake ilipo. Nikakitajia safari njema, abiria wengi, na kurudi nyumbani. Kurudi nyumbani nilikutaja mara mbili. Nikazunguka nikapaka cha pili. Nikafuta mng'ao kwa ncha ya kanga ili usionekane, nikarudi kwenye kigoda changu na mahindi yangu.

Sikutaka kuharibu. Naandika hivyo kwa sababu ndiyo kweli. Lakini pia naandika kwamba nilijua wamekatazwa watu kugusa, na nilificha.

Walirudi, wakafunika kwa magazeti. Utepe ukawa unabanduka kila mahali. Fundi akasema huenda petroli bado, akapuliza puliza, akafuta kidogo, akabandika tena. Wakapaka. Mkono wa kwanza, wakala kuku wangu. Mkono wa pili, wakanywa chai. Mkono wa tatu, jua likawa limeshuka. Rangi ilikuwa nyekundu kama damu ya ng'ombe, na mjukuu wangu alizunguka gari akainama huku, akainama kule, akasema, "Mzee, hii ni kazi ya ulaya." Fundi akapanda pikipiki akaenda zake. Mimi nilimjibu kwaheri yake kwa kichwa.

Siku ya tatu abiria wakaanza kulalamika harufu.

Mjukuu mwenyewe alinisimulia. Wakishuka ule mteremko mrefu wa kuingilia mjini, breki zikipata moto, gari zima linanuka jikoni. Mama mmoja akamwambia, "Mura, kijana wangu, unakaanga nini huko chini, na sisi tuna njaa?" Mwingine akasema huyu kaanza biashara ya maandazi kwenye injini. Wakamwita dereva wa maandazi stendi nzima. Baada ya wiki rangi ikaanza kuvimba, kisha ikabanduka vipande vipande, chini yake chuma kinateleza. Ngoma za nyuma, ambazo sikuzigusa, zilibaki nyekundu safi.

Mimi nilijua mara tu aliposema harufu. Nilikaa kimya.

Alikwenda Bomani kumuuliza fundi. Akarudi uso umekunjamana. "Amekiri mwenyewe," akasema. "Anasema ni kosa lake, aliharakisha, hakusafisha vizuri. Anasema nimwachie gari leo leo alifungue. Nimekataa. Mtu anajiita fundi miaka yote hiyo, kupaka rangi kumemshinda."

Nikamwambia, "Mafundi wa siku hizi." Ndivyo nilivyosema, kwa mdomo wangu.

Na Jumapili hiyo alikaa na mimi. Tulikula pamoja, akanisimulia abiria, nikacheka. Jumapili iliyofuata hivyo hivyo. Mkamwana wangu alikaa jikoni bila kusema, na kile kitenge kilirudi sandukuni. Nilikuwa na raha. Sitaki kudanganya kwamba moyo ulinisuta usiku na mchana. Ulinisuta kidogo, kama kijiti kwenye kiatu, na mtu hutembea nacho hicho hata siku nzima akiwa anakwenda mahali anakotaka kufika.

Halafu asubuhi ya Jumatatu, tunakunywa uji, akasema, "Leo nikishusha abiria naenda kwake gereji. Nitasema mbele ya wateja wake wote."

"Utasema nini?"

"Kwamba ni tapeli. Siyo rangi tu, Bibi. Breki zenyewe zimeanza kuteleza. Juzi pale mteremkoni nimekanyaga, gari halikushika mpaka nikakanyaga mara ya pili. Nilikuwa na watu wanne. Amenichezea breki yule. Hataki nifanikiwe, na nikimaliza kumwambia sitamjua tena maisha yangu."

Kitu nilichokuwa nakitaka kwa miezi yote ile kilikuwa hapo mezani karibu na kikombe cha uji. Ilitakiwa tu ninyamaze. Na ningenyamaza, kama ingekuwa ni rangi peke yake. Najijua. Lakini kidole changu ndicho kilichoingia mle ndani panapobana, na mteremko ule naujua, chini yake kuna daraja.

Nikasema, "Siyo yeye. Ni mimi."

"Wewe nini?"

"Nilipaka samli."

Akanitazama. "Ulipaka samli wapi?"

"Kwenye hizo kalipa zenu. Walipokwenda kusali. Na ndani pia."

Mkamwana wangu alikuwa mlangoni na sufuria. Akaiweka chini taratibu. Mjukuu wangu akauma mdomo wa chini, na mimi nikatazama pembeni maana mdomo ule ulikuwa wa yule mtu.

"Kwa nini, Bibi?"

"Kubariki."

"Kubariki tu?"

"Na kwa sababu mlikuwa wawili," nikasema. "Mmechuchumaa pale, hakuna aliyeniambia hata shika hii."

Akasukuma kikombe cha uji pembeni. Nilitegemea apige kelele, nami nilikuwa tayari kupiga zangu. Badala yake akasimama, akasema, "Vaa viatu. Utamwambia wewe mwenyewe, siyo mimi."

"Mimi ni bibi yako."

"Ndiyo. Vaa viatu, bibi yangu."

Hakupakia abiria siku ile. Tulikwenda polepole sana, gia ndogo, kila mteremko ameshika breki ya mkono, na baiskeli zilitupita. Harufu ya samli yangu ilipanda kupitia sakafu. Ilikuwa samli nzuri, hilo naweza kusema.

Gereji yake ni uwanja tu umezungushiwa mabati, nyuma ya maduka. Alikuwa chini ya gari la mtu, miguu tu inaonekana. Aliposikia sauti ya injini yetu akatoka haraka, akaona niko kiti cha mbele, akafuta mikono, akaja mpaka dirishani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nimekuja kusema jambo. Rangi yako haikuwa na kosa. Mimi nilipaka samli ulipokwenda kusali. Na ndani, kwenye breki, niliingiza kidole. Basi, ndiyo hayo."

Nilisema mbele ya wasaidizi wake wawili na mwenye gari lile. Nilisema kwa sauti ile ile ninayotumia kumwita mtu shambani, ili pasiwe na wa kusema hakusikia.

Akainamisha kichwa. "Nilijua, mama."

"Ulijuaje?"

"Siku ile alipokuja nilishika chuma nikanusa. Mimi nimekulia Mugumu, samli naijua."

"Na ukasema ni kosa lako."

"Ningesema nini? Nimwambie kijana bibi yako ameharibu? Nilimwomba aniachie gari nioshe sahani na nibadilishe pedi, maana hiyo ndiyo hatari. Akakataa. Tangu siku ile nimetuma watu wawili kumwambia. Leo nilikuwa nije kwako mwenyewe."

Mjukuu akasema chini chini, "Nilidhani wanakuja kunibembeleza."

Basi nilikaa kwenye kiti kile nikitafuta kosa katika maneno ya mtu yule. Niliyageuza kama ninavyogeuza maharage kwenye ungo kutafuta jiwe. Sikulipata. Alitukanwa kwa ajili yangu wiki zote hizo na alikaa kimya ili mjukuu wangu asinikasirikie mimi. Ningependa niseme hapo ndipo wivu ulipoisha. Uliongezeka. Mtu mbaya unamchukia, unamaliza. Huyu alininyima hata hilo.

Nikamwambia, "Sikia. Ng'ombe nilitoa mimi."

"Najua, mama."

"Mtoto ni wa nyumba yangu."

"Ni wa nyumba yako. Mimi sina ninachodai. Akija nafurahi, asipokuja sitakuja kumfuata. Hiyo siyo siri, ameshanisikia nikimwambia."

Nikamtazama mjukuu wangu. Alikuwa anatazama usukani.

Walifungua matairi pale pale. Fundi akatoa pedi, vile vipande vinavyobana sahani, akamwonyesha kijana zilivyolowa na kuwa nyeusi, akazitupa, akaweka nyingine mpya. Sahani zikaoshwa kwa petroli mara tatu. Rangi ya kalipa wakaikwangua yote kwa msasa, na safari hii fundi akaniletea kipande cha msasa na stuli ya kukalia, bila neno, akaviweka karibu na tairi la kushoto. Sikusema asante. Nilikwangua. Kutu inajificha kwenye kona, nilikuwa nimesikia, nikafuata kona. Wasaidizi wake walinitazama kama sinema. Mmoja akasema, "Bibi, na sisi tukuajiri hapa," nikamwambia atengeneze kwanza suruali yake ikae kiunoni. Wakacheka wote, na mjukuu wangu alicheka kile kicheko.

Kupaka walipaka wao, wametundika turubai kuzuia vumbi. Mimi sikushika brashi na sikuombwa, na nadhani ilikuwa sawa, watu wakishakuona na kibuyu mara moja hawasahau. Rangi ikawa nyekundu ile ile. Ilikaa, mpaka leo ipo.

Tulirudi jioni bado kuna jua. Gari lilishika breki vizuri, na pale mteremkoni alikanyaga mara moja tu likatulia. Tulipovuka daraja akasema bila kunigeukia, "Bibi, Jumapili nikienda kwake, utanuna?"

"Nitanuna."

"Kwa hiyo nisiende?"

"Nimesema nitanuna. Sijasema usiende."

Akaendesha kidogo. "Na ukinuna nikuletee nini?"

"Usiniletee kitu. Rudi kabla ng'ombe hawajaingia zizini, mama yako mgongo unamsumbua, mimi peke yangu siwezi kuwakamua wote."

Jumapili alikwenda. Aliondoka mapema, amevaa shati la kanisani ingawa kanisani hakufika. Nilitoka ibadani na mwavuli wangu, nikala na mkamwana wangu tu. Nilinuna kama nilivyosema. Saa kumi na moja na nusu hivi ng'ombe wakaanza kuonekana kule juu, na nyuma yao, polepole, akiwasubiri watoke barabarani, nikaliona gari jeupe. Sikwenda kumpokea. Niliingia ndani nikachukua vibuyu vya maziwa, viwili, nikamwekea kimoja karibu na geti.